Kengele ya Ujiani

Pale machinjioni palikuwa na wanaume wenye visu vikali na midomo mikali zaidi, lakini meneja alipotaka kazi iende alimwita mtu mmoja tu, ambaye hajawahi kushika kisu maisha yake yote. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limeshasahaulika. Walimwita Taratibu.

Kazi yake ilikuwa hii. Kondoo walishushwa kutoka kwenye lori wakiwa hawajui wapi mbele wapi nyuma, macho yamewatoka, mbavu zinapanda na kushuka. Na kondoo mwenye hofu, meneja hakuchoka kulisema hilo, nyama yake inakuwa nyeusi na ngumu kama kandambili. Basi Taratibu aliingia nao zizini tangu mchana. Aliwapa maji. Alikaa chini katikati yao, kengele ndogo ya shaba ikiwa imening'inia kiunoni, akapiga nao soga. Soga gani? Upuuzi mtupu: "Haya wazee wangu, taratibu, hakuna kitu. Safari imekwisha. Kunyweni. Taratibu, hakuna kitu." Jioni ikifika walikuwa wanamnusa mifukoni. Asubuhi alisimama, akatikisa kiuno, kengele ikalia, akaanza kutembea bila kugeuka. Nao wote wakamfuata.

Aliingia nao ujiani, njia nyembamba yenye kuta za saruji huku na huku, iliyopinda katikati ili wa nyuma asione yaliyo mbele. Mwisho kabisa, upande wa kushoto, palikuwa na kimlango cha mbao cha kumtosha mtu mmoja. Taratibu alipenya hapo, akakirudishia, akatokea uani kwenye jua na birika la chai. Kondoo wakaendelea mbele. Hawakuwa na pengine pa kwenda.

Akishatoka, alichomeka kitambaa ndani ya kengele isije ikamlilia barabarani, akajimiminia chai. Nyuma ya ukuta hapakusikika purukushani yoyote, na hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake. Meneja alimpiga begani na kumwambia, "Wewe bwana una kipaji." Taratibu alicheka kidogo, akapuliza chai.

Mkewe aliitwa Mama Bibi. Binti yao alirithi jina la bibi yake mzaa baba, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumkaripia mtoto kwa jina la mkwe, nyumba nzima ilimwita Bibi tangu yuko kwenye nepi. Kwa hiyo utamsikia jirani akipaza sauti, "Bibi, acha kuchezea tope!" na mgeni anashtuka.

Mama Bibi alikuwa kiongozi wa kwaya, na sauti yake, mimi nakwambia, ungeweza kuianikia nguo. Wimbo wake mkubwa ulikuwa wa Mungu mchungaji. Aliuimba harusini, aliuimba msibani, aliuimba akifua. Na shingoni, chini ya kitambaa alichopenda kujifunga, rovu lilikuwa linakua. Kwanza lilikuwa kama yai. Likawa ngumi. Daktari, mwanamke mwenye macho ya kukosa usingizi, alimpiga picha na kuwaeleza wote wawili bila kuzunguka.

"Uvimbe umeanza kushukia ndani, unabana njia ya hewa. Tukiuwahi sasa, atapona, na sauti yake atabaki nayo. Tukichelewa, siwaahidi sauti. Tukichelewa sana, siwaahidi chochote."

Kwaya ikachanga. Siku ikapangwa. Mama Bibi akaitikia kwa utulivu ule ambao Taratibu hakuupenda, ingawa hakujua bado kwa nini haupendi.

Kuna jambo jingine la kusema hapa. Kanisani walijua tu kwamba Taratibu "anafanya kazi na kondoo." Jumapili moja mchungaji wa kanisa alimsimamisha mbele ya watu. "Mwoneni ndugu yetu! Huyu hahitaji kuhubiriwa. Anajua kwa nini kondoo humfuata anayemwamini." Watu wakapiga makofi. Taratibu akatazama viatu vyake mpaka aliporuhusiwa kukaa.

Siku ya upasuaji waliketishwa kwenye benchi refu koridoni pamoja na wagonjwa wengine, wote wamevalishwa magauni ya hospitali yanayofungwa mgongoni kwa kamba zisizofungika. Korido ilikuwa nyembamba, imepakwa rangi ya kijani hadi kiunoni, na mbele ilipinda. Taratibu alinyoosha shingo aone palipo nyuma ya kona. Hakuona.

Akaja mhudumu mmoja wa kiume. Alivaa mabuti meupe ya mpira na aproni ya plastiki.

"Haya, mama zangu, baba zangu," alisema kwa sauti laini ya maziwa. "Taratibu. Hakuna kitu. Anayefuata."

Taratibu alihisi nywele za kisogoni zinamsimama. Mzee mmoja aliinuka, akamfuata mhudumu, wakapotea kwenye kona. Baada ya muda mhudumu akarudi peke yake. "Taratibu, mama. Hakuna kitu." Mwanamke naye akainuka. Taratibu akajifanya anakwenda kutema mate dirishani, akachungulia kona. Aliona mlango mkubwa wa mabawa mawili ukimmeza yule mwanamke. Na pembeni yake, upande wa kushoto, aliona kimlango. Mhudumu alitokea hapo huku anafuta mikono, kikombe cha chai kikimngoja juu ya meza.

Alirudi kukaa. Akamgeukia mwanaume mwenye mguu uliofungwa.

"Samahani, ndugu. Hawa wanaoingia, wanatokea wapi?"

"Mimi sijui, bwana," akajibu yule. "Mimi naingia tu."

Mama Bibi alivua pete yake, akamkabidhi pamoja na mfuko wa nguo. Alikuwa anatabasamu, pumzi ikimfanyia filimbi nyembamba kooni.

"Baba Bibi, mbona unanitazama kama unaniaga? Mchungaji wangu katangulia."

"Umemwona?"

"Si lazima nimwone. Nikimsikia inatosha."

"Anayefuata," akasema mhudumu. Akamshika Mama Bibi kiwiko, kidogo tu, kwa vidole viwili, kama Taratibu mwenyewe alivyozoea kumgusa kondoo anayesita. Na Mama Bibi akainamisha kichwa, akafuata. Hakuuliza hata neno.

Utulivu huo ndio uliomtoa Taratibu akili. Angalau angelia! Angalau angepiga kwato!

"Mwachie!" Sauti ilimtoka ambayo hakuijua. Alimvuta mkewe kwa mkono, mfuko ukaanguka, nguo za ndani zikatawanyika sakafuni mbele ya watu. "Mke wangu haingii humo! Najua kazi hii! Najua!"

"Mzee vipi, umelewa?" Mlinzi alikuja mbio. Mama Bibi alikuwa ameshikilia gauni mgongoni kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anaokota sidiria yake miguuni pa mwanaume wa mguu.

"Baba Bibi," alinong'ona. "Watu wanatuona."

"Twende nyumbani."

"Baba, nafasi ikipita imepita," muuguzi aliwaambia kutoka mezani. "Kuna foleni ndefu."

Mama Bibi alimtazama mumewe machoni, akaona kitu humo kilichomwogopesha kuliko kisu. Akavaa nguo zake, wakaondoka.

Waliokuwa wakingoja habari hawakukawia. Dada mkubwa wa Mama Bibi, muuza mitumba mwenye sauti ya kuvukia ng'ambo, alifika kabla viatu havijavuliwa.

"Shemeji, nimeambiwa sikuamini. Watu wamejinyima, wamechanga, mke wako amefika mlangoni, halafu wewe unamrudisha na rovu lake kama mtu aliyesahau mwavuli?"

"Shemeji, wewe huelewi."

"Sielewi, ndiyo! Nieleweshe!"

Taratibu akainama kuvua viatu. Na kama vile hayo hayatoshi, wanakwaya nao wakaja na sufuria la uji na vigelegele, wakidhani mwenzao ameshapelekwa wodini salama na wao wamekuja kumpongeza mwenye nyumba. Bibi ndiye aliyewapokea mlangoni.

"Mama hajafanyiwa," alisema mtoto. "Baba alipiga kelele."

Vigelegele vikakatika. Waliliweka sufuria chini polepole, wakaaga mmoja mmoja, na kila mmoja alipopita alimtazama Taratibu kidogo tu, kisha akatazama pembeni. Afadhali wangemtukana.

Kesho yake mchana Mama Bibi alikuwa uani anafua suruali za kazi za mumewe. Hakumwangalia.

"Haya. Leo niambie. Uliona nini kule?"

Akamwambia. Zizi, soga, kengele, ujia, kona, kimlango. Alisema yote huku amekalia ndoo iliyopinduliwa, kama mtoto aliyekamatwa. "Wananiamini, Mama Bibi. Ndiyo kazi yangu, kuaminiwa. Wananifuata kwa sababu nimekaa nao, nimewapa maji. Sasa nikikusikia unaimba mchungaji, mchungaji... mimi najua wachungaji wanaweza kuwapeleka watu wapi."

Alingoja ashtuke. Mkewe alikamua mguu wa suruali, akaupiga hewani.

"Ulidhani sijui?"

"Unajua?"

"Nguo zako nazifua mimi, mwaka nenda mwaka rudi. Mfugaji gani hana kondoo hata mmoja anayemtaja mara mbili? Nilijua kabla Bibi hajazaliwa."

"Na bado unaimba?"

"Kwani mimi nilimjua Mungu kwa kukutazama wewe?" Alisema bila ukali. Akapumzika, filimbi kooni ikapanda, ikashuka. "Sikiliza, mume wangu. Wewe unafika mwisho unatoka na kimlango. Ndiyo tofauti yenyewe. Yule wangu hatoki. Anaingia nami mpaka ndani."

"Una uhakika?"

Aliweka mkono kifuani.

"Usiniulize hivyo pumzi yangu ikiwa fupi," akasema. "Nenda kaniombee nafasi nyingine."

Akaenda. Karani wa dirishani alimtazama, akamgusa mwenzake. "Si ndiye huyu? Yule wa 'mke wangu haingii humo'?" Wakacheka mpaka mmoja akafuta machozi. Taratibu naye alicheka kidogo, maana alihitaji kitu kutoka kwao. Wakamwandikia siku ya mbali sana, akasema asante.

Siku hizo za kungoja nyumba ilikuwa inasikiliza. Mama Bibi akila, wanasikiliza. Akilala mchana amekaa, maana kulala chali kulikuwa kumeshamshinda, mtoto alimkalia karibu akihesabu filimbi kwa vidole. Taratibu alikwenda kazini na kurudi. Kondoo waliendelea kumfuata, na safari hii alitamani mmoja, japo mmoja tu, agome.

Jumapili Mama Bibi akajifunga kitambaa, akasema anakwenda kuimba.

"Usiende," mumewe alimsihi.

"Nikikaa hapa, nani atamwambia Mungu kwamba bado nipo?"

Akasimama mbele ya kwaya. Ubeti wa kwanza ulipanda vizuri, watu wakatazamana kwa furaha. Kumbe Mama Bibi ni yuleyule! Ubeti wa pili sauti ikakwama. Pakatoka mlio mkali mwembamba, kama birika linalochemka, na Mama Bibi akashika mgongo wa kiti, macho juu, mdomo wazi. Watu wakadhani amejazwa Roho. Wakapiga makofi zaidi. Ngoma ikapamba moto, mama mmoja akapiga kigelegele, na Mama Bibi akawa anatapatapa katikati ya shangwe ile, anatafuta hewa, hakuna anayeona.

"Mama anakufa!" Bibi alipiga yowe. "Nyamazeni! Mama anakufa!"

Taratibu alikuwa ameshafika. Walimtoa nje kwa kumbeba, wakampakia kwenye gari la fundi seremala lililokuwa limeleta mabenchi ya kanisa. Njia nzima alimwegemeza kifuani, midomo yake ikigeuka rangi ya majivu.

Daktari yule yule. Alimsikiliza Mama Bibi kifua na shingo, akamgeukia Taratibu. Hakumfokea, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Tunaingia sasa hivi. Roho yake nitaipigania. Sauti siahidi. Na roho yenyewe, baba, nasema nitaipigania tu. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Walimketisha kwenye kitanda cha magurudumu, mito nyuma yake. Hakuweza kusema. Alimwashiria mumewe mfukoni, mara moja, mara mbili, mpaka Taratibu akatoa kilichokuwemo: ile kengele, ambayo hakuachana nayo hata Jumapili, na kitambaa chake ndani. Mama Bibi akaashiria mbele, koridoni.

"Anataka utangulie," alisema muuguzi.

"Mimi? Hapana. Si mimi." Alirudi nyuma. "Mama Bibi, mtu yeyote lakini si mimi."

Mkewe alimtazama. Kila pumzi ilikuwa kazi. Akaashiria tena.

Taratibu akachomoa kitambaa. Kengele ikalia, akaanza kutembea, na nyuma yake magurudumu yakaanza kulia. Watu wa kwenye mabenchi wakakunja miguu kumpisha. Miguu yake ilijua kazi, hata ulimi ulijua kazi.

"Taratibu, Mama Bibi. Taratibu. Hakuna..." Lile neno likagoma. Alikuwa amewaambia viumbe wangapi neno lile, na hakuna hata mmoja aliyerudi kumdai. "Kuna kitu, Mama Bibi," alisema, na sauti ikamtetemeka koridoni mbele za watu. "Kuna kisu. Kuna hofu. Mimi naogopa. Lakini nipo hapa mbele, unanisikia? Taratibu. Nipo hapa mbele."

Wakaifikia kona. Wakapita kona. Mlango mkubwa ulikuwa wazi. Mhudumu wa mabuti meupe alimshika begani, akamwonyesha kushoto.

"Mzee, wewe pita huku. Kuna benchi, kuna chai."

"Hapo sipiti."

"Ndani huruhusiwi."

"Najua siruhusiwi. Lakini hapo sipiti, kijana wangu."

Kitanda kilimpita. Mama Bibi aliinua vidole kidogo kutoka kwenye shuka, mlango ukajifunga. Mhudumu hakubishana tena. Alikifungua kimlango, akamsukuma kwa upole, na Taratibu akajikuta upande wa pili penye jua dogo, benchi na birika. Kengele ilikuwa bado mkononi. Alipiga magoti palepale kwenye saruji.

"Mimi nimeishia hapa," alisema, si kwa utulivu, machozi na kamasi vikichanganyika. "Mimi ndivyo nilivyo, ninaishia hapa. Wewe uliye mchungaji wake, usitoke huku. Nakuomba. Usitoke na mlango huu nilioutokea mimi."

Chai ilipoa bila kuguswa. Jua lilihama ukutani. Hakuna aliyemjibu.

Mama Bibi hakufa. Alitoka kwa upande mwingine kabisa wa jengo, ambako Taratibu hakujua kama kuna mlango, shingo imefungwa bandeji, mrija puani. Daktari alivua kofia yake.

"Yu hai. Uvimbe ulikuwa umeshaumeza mshipa wa sauti. Tungeufanya siku ile..." Akamtazama Taratibu, akaacha sentensi hapo hapo. "Pumzi bado ni ya kuangaliwa. Inaweza kufunga tena ghafla. Asiachwe peke yake."

Kwaya ikapata kiongozi mwingine, binti mwenye sauti nzuri tu. Wanakwaya walikuja nyumbani kumwimbia mwenzao wimbo wake, na Mama Bibi aliuimba nao kwa midomo mwanzo mpaka mwisho, bila sauti hata chembe, uso umenyanyuka kama zamani. Dada mkubwa alishindwa kuvumilia, akatoka nje. Taratibu alibaki, akautazama mdomo ule neno kwa neno. Aliona ndiyo adhabu yake.

Kengele hakuirudisha kazini. Aliiweka kwenye kigoda karibu na kitanda cha mkewe, ili aitikise akihitaji mtu. Meneja alifoka, akajaribu kumpa nyingine, mpya, yenye mlio mzuri.

"Kazi ile basi, bosi."

"Utafanya nini sasa, uhubiri?"

"Nitashusha lori."

Akawekwa kwenye kushusha lori, ujira pungufu, mgongo ukiuma. Wenzake waliendelea kumwita Taratibu na kumtania kwamba kipaji chake kimeibiwa. Ujiani akawekwa mtu mwingine, mwenye fimbo, na siku hizo kelele zilianza kusikika hadi barabarani.

Alasiri moja alikuwa uani kwake, anatengeneza kamba ya kuanikia nguo. Bibi alikuwa shule. Kengele ikalia ndani.

Taratibu akasimama na kamba mkononi. Miguu ikakataa. Mlio ule aliujua kuliko mtu yeyote duniani, alijua unakoishia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake ulikuwa mbele yake, si kiunoni. Mlango wa chumba ulikuwa mwembamba, na ndani kulikuwa na giza la mtu atokaye juani. Huenda anataka maji. Huenda anataka mto usogezwe. Huenda koo limefunga, na hii ndiyo ya mwisho. Hakuna wa kumwambia ni lipi.

Kengele ikalia tena, taratibu, bila haraka, kama mtu anayejua kwamba atafuatwa.

Akaiacha kamba chini. Akainamisha kichwa, akaingia.